Trahana Iliyoanikwa Haiachwi

Bibi harusi wetu anaitwa Evanthia. Nalitaja jina lake kwanza kabisa kwa sababu kijijini kwetu hakuna aliyelitumia. Kwetu milimani mwanamke akiolewa anaitwa bibi harusi, na ataitwa hivyo mpaka ashushwe kaburini. Mimi Kondylo nina mvi mpaka kwenye nyusi, na mzee Thimios aliyefariki majira ya baridi yaliyopita alikuwa bado ananiita bibi harusi wa kwa Zisis. Zisis ni marehemu mume wangu. Sikuona ubaya. Jina la mtu halichakai kwa kukaa bila kutumiwa, kama vile sahani nzuri za kabatini.

Evanthia alitoka uwandani, kwenye mashamba ya pamba, nchi iliyolala bapa kama sinia. Mwanangu Stergios alimwona kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chao, wakacheza ngoma moja, akanirudia nyumbani hali wala halali. Nikamwambia, "Msichana wa uwandani ukimleta huku juu ni sawa na kufuga samaki kwenye paa." Hakusikia. Wakaoana. Akaja na sanduku la mbao, na nguo alizotoa mle ni zile za juu tu. Za chini aliziacha zimekunjwa, maana Stergios alimwahidi kwamba watakaa kwetu kiangazi kimoja, kisha watashuka kuishi mjini.

"Lini hasa?" akamuuliza mezani, mbele yangu.

"Tukimaliza trahana," akajibu mwanangu, mdomo umejaa.

Trahana ndiyo chakula chetu cha majira ya baridi. Mwezi wa nane, maziwa ya mbuzi yanapokuwa mazito, tunayatia chumvi na kuyaacha kwenye pipa yachache, tunayakoroga kila siku, kisha tunayapika na ngano iliyopaazwa mpaka mwiko usimame wenyewe. Ukipoa ule uji tunaumega vipande na kuvianika juu ya mashuka. Vikikauka nusu tunavisugua kwenye chekecheke vitoke punje punje, tunazianika tena mpaka zilie kama changarawe. Basi, una kifungua kinywa cha mwaka mzima ndani ya mfuko wa kitambaa. Asubuhi unatupa konzi kwenye maji yanayochemka, na mtoto akimaliza kufunga viatu, bakuli liko mezani, unamvunjia na jibini juu yake. Chakula cha haraka kuliko hicho kwa mtoto wa shule sikijui, na kinakaa tumboni mpaka mchana.

Ila kukianika kunamtaka mtu. Ndege wanakuja, mvua inakuja, usipokigeuza kinaota ukungu. Ndiyo maana mtu asiyetoka nyumbani tunamuuliza, "Kwani umeanika trahana?" Na tunasema hivi, mama mkwe wangu alisema hivi, na wake kabla yake: trahana iliyoanikwa haiachwi. Ukiiacha ukaenda zako, hutarudi kuikuta nyumba kama ulivyoiacha.

Basi mwaka ule wa kwanza, trahana ilipokwisha, Evanthia alikuwa na mimba ya Zisis mdogo, nani angemshusha kwenye kona zile? Mwaka uliofuata mume wangu alipooza upande mmoja, na aliyemgeuza kitandani alikuwa yeye, kwa kuwa mgongo wangu ulishakataa. Akazaliwa Vaia. Kisha Stergios akaenda Ujerumani kuchoma nyama kwenye mkahawa wa binamu yake, akasema atawaita. Huja Pasaka, huja mwezi wa nane, anakula, analala, anakwenda. Na kila mwaka bibi harusi alianza neno lilelile: "Mama, safari hii tukimaliza trahana..." Nami nikamjibu, "Tumalize kwanza." Zile nguo za chini ya sanduku zikaota rangi ya njano kwenye mikunjo.

Shule ya kijiji ilifungwa walipobaki watoto watatu. Tangu hapo watoto wetu hupelekwa shule ya mjini, chini, kwa teksi ya Mitros. Mitros anapiga honi bado giza, na kutoka kwetu hadi chini ni kona tupu. Hujamaliza kuegemea kulia, inakutupa kushoto. Zisis ana tumbo la mbuzi, akila mawe atayaweka. Lakini Vaia, aliyeanza darasa la kwanza, kila alichokula asubuhi alikirudisha njiani.

Hapo ndipo mahangaiko ya mama yake yalipoanza. Alimpa maziwa na biskuti: yakatoka. Akampa yai la kuchemsha: likatoka karibu zima, Mitros alilionyesha kijiji kizima. Akampa mkate na asali, mkate na mafuta ya zeituni, mtindi, tufaha lililokwanguliwa. Akamwamsha mapema zaidi ili chakula kipate muda wa kushuka. Mtoto akalala juu ya bakuli. Akajaribu kutompa chochote. Siku hiyo akafika msafi, ila saa nne akaanguka uwanjani akicheza kamba, na mwalimu mkuu akapiga simu.

"Bi Evanthia, mtoto anahitaji kifungua kinywa. Kitu chepesi, cha afya."

Evanthia akakata simu, akakaa, akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Kitu chepesi, Mama. Wasichokijua ni kwamba hapa kwetu hata maji yana kona."

"Mpe trahana," nikamwambia. "Nimesema tangu mwanzo."

"Hiyo yako kali, Mama, haipendi. Nitampikia ya kwetu."

Mnaona. Watu wa uwandani wana trahana wanayoiita tamu. Haina sukari, utamu wake ni huo wa kutochacha: wanachukua maziwa mabichi na mayai, wanakanda na unga, wanaanika. Chakula cha watu wasio na subira. Nikamwambia, "Chakula ambacho hakijachacha hakijui kukaa. Kitataka kutoka."

"Na kilichochacha kimeshaharibika, kitakaaje?"

"Kimenikuza mimi."

"Ndiyo maana, Mama."

Alisema "ndiyo maana" huku akiosha sufuria, hata hakugeuka. Mdomo anao, msifikiri nilikuwa nimefuga kondoo.

Akapika ya kwao. Mitros alituambia ilitoka kwenye kona ya kanisa dogo. Kesho yake nikamnywesha yangu mwenyewe, kwa kumshika pua. Ilitoka pia, siwezi kusema uongo, ila ilifika mpaka darajani. Kutoka kanisani mpaka darajani ni mwendo. Nilimwambia bibi harusi hivyo, na yeye akaniambia nikatundike darajani kibao cha ushindi.

Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo, na wa pili, mtoto amekonda, shingo kama bua la kitunguu. Siku ya mwisho ya masomo Mitros alimshusha Vaia mlangoni akiwa amemshika kwa ncha za vidole, akasimama hapo hapo.

"Bibi harusi, mimi nakuheshimu. Lakini gari langu linanuka kama zizi. Watoto wa mtaa wa juu wanapanda wameziba pua. Septemba huyu hapandi."

"Aende shule na nini, Mitros? Na nyumbu?"

"Akae na watu mjini. Watoto wa zamani walikaa na watu."

"Ana miaka minane."

"Mimi nilikuwa na saba, na sikufa."

"Hukufa, ila tazama ulivyotoka," akasema Evanthia, akafunga mlango. Kisha akaegemea ule mlango, mgongo wake umeuziba kama vile kuna mtu nje anayesukuma. Alibaki pale mpaka Vaia akamvuta gauni. Kiangazi chote hakuzungumza juu ya jambo jingine kwa dhati. Mtoto wake alale kwa watu, amwone Jumamosi na Jumapili, au asisome. Njia ya tatu haikuwapo. Usiku nilimsikia akitembea, na nyumba yetu ni ndogo, ukitembea unarudi ulikotoka.

Njia ya tatu ilikuja kwa simu, mwishoni mwa mwezi wa nane, baada ya Stergios kuja na kuondoka. Ni mwalimu mkuu yuleyule. Mpishi wao wa shuleni, aliyekuwa akipika chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha watoto, ameacha. Evanthia anaweza? Kuna na vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la dawa, hatua chache kutoka shuleni, njia imenyooka. Aanze Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kabla shule haijafunguliwa. Asipokuja Jumatatu, kuna mama mwingine anasubiri.

Alipokuja kuniambia nilikuwa zizini. Nikamwona uso tu nikajua. Sijawahi kuuona uso ule tangu siku aliyocheza ngoma na mwanangu, na siku hiyo sikuwapo.

"Mama, ni karibu. Nitakuja kila Jumapili."

"Kwa kona zile? Na mtoto anayetapika?"

"Basi nitakuja mwenyewe."

"Vizuri," nikasema. "Nenda. Tukimaliza trahana."

"Trahana tumeshamaliza, Mama. Mifuko iko juu ya kabati."

"Ile ni ya pipa la kwanza."

Maana maziwa yalikuwepo. Mbuzi hawajui habari za simu, wanatoa maziwa. Jioni ileile niliyatia kwenye pipa na chumvi, pipa la pili, kubwa. Sikutaka aende, na hilo sikulificha kwa mtu yeyote. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa nilipoolewa. Nilishawahesabu wote wakitoka mlangoni, wengine kwa miguu yao na wengine wamebebwa, na sikuwa na nia ya kuhesabu tena.

Evanthia alilitazama pipa, akanitazama mimi. Wifi yangu angelia, dada yangu angevunja kitu. Yeye alikunja mikono ya blauzi, akachukua mwiko. "Haya," akasema, "tulikoroge tulinywe."

Alilikoroga asubuhi na jioni ili lichache upesi, akaliweka karibu na jiko la kuni kama mgonjwa. Tukapika, tukamega, tukaanika uani kwenye mashuka sita, na zilibaki siku nne mpaka hiyo Jumatatu. Jua lilikuwa kali. Nilidhani atanishinda.

Mchana ule ule ukungu ukapanda kutoka bondeni, na mvua ikaja. Haikuwa mvua ya kiangazi inayopiga na kwenda. Ilikuwa ile nyembamba isiyo na haraka, inayokaa kwenye mlima kama mgeni aliyevua viatu. Tuliyakimbiza mashuka ndani. Chumba cha chini, kitanda changu. Chumba cha juu, kitanda chake na cha watoto. Meza, sanduku lake la mbao, mashine ya cherehani. Hapakuwa na mahali pa kukaa ambapo hapakuwa na trahana. Watoto walilala jikoni kwenye mazulia, sisi wawili tukalala kwenye viti, kila mmoja upande wake wa jiko, tunatazamana. Madirisha yakalia jasho. Harufu ya uchachu iliingia kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye sanamu ya Mama wa Mungu. Ukifungua dirisha unyevu unaingia. Ukifunga unabaki ule uliomo. Tulivigeuza vipande vile kwa zamu, na kila tulipovigeuza vilikuwa vilevile, laini kama sikio.

Asubuhi ya Jumamosi Vaia aliuliza, "Bibi, tutakula wapi?"

"Kula ukiwa umesimama. Farasi wanakula wamesimama."

"Farasi wanakwenda shule?"

"Hawaendi. Ndiyo maana hawatapiki."

Mama yake hakucheka. Alikuwa mlangoni, ameweka mkono nje chini ya mvua, anaupima uzito wake. Jirani yetu Asimo akapita amejifunika gunia, akachungulia. "Bibi harusi! Umeanika trahana?" akapiga kelele, akacheka mpaka akashika ukuta. Evanthia akarudisha mkono ndani, akaufuta kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mama," akasema, "nikiiacha hivi, wewe peke yako utaigeuza?"

"Mgongo wangu unaujua."

"Asimo akusaidie?"

"Asimo asiguse chakula changu."

"Kwa hiyo siwezi kuondoka."

"Sikusema mimi. Waliosema walikufa zamani."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, pembeni ya bakuli la trahana mbichi, akainamisha kichwa. Nilifikiri analia. Nilikuwa tayari kumwambia maneno, nayo yalikuwa maneno mazuri, kwamba Vaia atakaa kwa binamu zetu mjini, kwamba wiki si mwaka. Lakini alikuwa anaitazama trahana. Akachukua kipande, akakiviringisha kati ya vidole.

"Haiachwi," akasema taratibu. "Imeanikwa, haiachwi." Akainuka.

Jumapili mchana nikasikia honi. Mvua ilikuwa inaendelea. Mitros alikuwa ameegesha mlangoni kabisa, na bibi harusi anatoka na shuka la kwanza, amelishika pembe nne pamoja na Zisis kama watu waliobeba maiti.

"Hii ni nini?" akasema Mitros.

"Trahana. Ifungulie mlango wa nyuma."

"Mama wa Mungu! Miaka miwili mtoto wako ananitapikia kiti, leo unaniletea yenyewe kabla hata haijaliwa!"

"Nimekodi gari zima, si kiti. Fungua."

Akatandaza shuka kwenye kiti cha nyuma. Juu yake akaweka ubao wa kupigia unga, juu ya ubao shuka jingine. La tatu sehemu ya kuwekea miguu. Mengine buti, mlango wa buti umefungwa kwa kamba, na nailoni juu. Nguo zake ziliingia kwenye mfuko mmoja. Sanduku la mbao alilibakiza, tupu, mdomo wazi. Nilimtazama nikiwa kizingitini na kandambili zangu za ndani na aproni.

"Unafanya nini, bibi harusi?"

"Naondoka, Mama. Na trahana siiachi. Imeanikwa, inakwenda imeanikwa."

Siwezi kusema sikushangaa. Nilitafuta neno la kumjibu, na neno pekee nililokuwa nalo ndilo alilokuwa amelichukua. Akaweka shuka la mwisho, lile lililokuwa kitandani kwangu, akajaribu kufunga mlango, likaanza kumwagika. Akalisukuma, likamwagika upande wa pili.

"Kwenye kona ya kwanza tu," akasema Mitros, "hii yote itakuwa kichwani mwangu."

Ndipo Evanthia akanigeukia. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni, hakuifuta. "Atakaa mtu katikati ayashike. Watoto wanakaa mbele na mimi. Utashika wewe, Mama, au nimwambie Mitros aendeshe ametazama nyuma?"

"Mimi nina kuku."

"Asimo atawapa."

"Mimi nina mbuzi!"

"Mbuzi wako kwa mchungaji mpaka kesho jioni. Kesho asubuhi Mitros atakurudisha. Mama, chakula kitamwagika."

Kilikuwa kinamwagika. Nilikuwa nakiona, kipande kwa kipande, kinaanguka kwenye matope, chakula cha watoto cha majira ya baridi. Nilitia ufunguo wa nyumba kwenye mfuko wa aproni, wakanisogezea ubao na mashuka pembeni, nikaingia. Wakanilaza shuka la mwisho mapajani, kutoka mlango mpaka mlango, mikono nimeitandaza kama mtu aliyesulubiwa. Mitros akafunga. Hapo nikaelewa kwamba hata nikitaka kushuka siwezi. Nikiinua goti tu, nitamwaga. Na mtu aliyekula majani wakati wa njaa hamwagi chakula.

Sikuwa nimeshuka njia ile tangu tulipomrudisha mume wangu kutoka hospitali. Kona ya kwanza ikanichukua tumbo ikaliweka upande wa kulia. Ya pili ikaliweka mahali ambapo sikujua pana nafasi. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya unyevu, harufu ile ya uchachu imejaa mpaka darini. Nikafumba macho, ikawa mbaya zaidi. Mtoto huyu amepita hapa kila siku ya shule, nikawaza, na bakuli zima ndani.

"Bibi," Vaia akasema kutoka mbele, amegeuka, uso wake mweupe kama jibini. "Usitazame chini. Tazama mlima ule wa mbali. Na usimeze mate haraka."

"Nani kakwambia natapika?"

"Una rangi yangu."

"Dada Kondylo," akasema Mitros, "tumepita kanisa dogo. Vumilia mpaka darajani, uvunje rekodi."

Bibi harusi alikuwa amewapakata wote wawili kiti cha mbele, mabega yake yanatikisika. Safari hii alikuwa anacheka, na alikuwa anacheka kweli. Nami sikutapika. Mitros akiwaambia nilitapika, Mitros ni mwongo. Nilitema, tena kwenye aproni yangu mwenyewe, shuka halikuguswa. Na trahana ilifika yote. Vaia pia hakutapika siku ile. Hakuwa amekula kitu tangu jana yake, na alikuwa na kazi ya kunitazama.

Uwandani jua lilikuwa linawaka kama vile mvua haijawahi kuzaliwa. Tulianika kwenye roshani juu ya duka la dawa, na mwenye duka akatoka akatazama juu, akauliza kama ni dawa. Jumatatu alfajiri Evanthia aliondoka kwenda jikoni kwake shuleni, amefunga kitambaa cheupe. Mitros alikuja saa mbili kunichukua, akapiga honi. Nikamwambia kutoka juu, "Unaona imeanikwa!" Akaondoka.

Ilikauka nusu siku ya tatu, nikaisugua, nikaianika tena, ikalia kama changarawe. Nilikuwa nimeshavaa viatu alivyoninunulia bibi harusi. Lakini shule zikafunguliwa. Na mama yao anatoka nyumbani kabla hakujakucha, anakwenda kuwachemshia maziwa watoto wa watu, na wa kwake wawili wameachwa wamelala. Nani awaamshe? Nani awape? Zisis alisema ataweza mwenyewe; siku hiyo nilimkuta anampa mdogo wake viazi vya kukaanga vya kwenye pakiti. Nikavua viatu.

Basi niko hapa. Vyumba viwili, dirisha moja linatazama mlima wetu, na siku zenye ukungu halitazami kitu. Hapa chini hakuna anayeniita bibi harusi, wala kitu kingine. Wananiita mama yake mpishi. Juzi watoto walikuwa wanapita barabarani wakaita, "Bi Evanthia! Bi Evanthia!" nikakaa nikijiuliza ni nani huyo, mpaka nilipomwona bibi harusi wetu akitoa kichwa dirishani na kupunga mkono. Ana meno mazuri. Sikuwa nimeyatazama.

Kila asubuhi natupa konzi mbili kwenye maji yanayochemka. Vaia anakula amekaa, anashuka ngazi, anatembea njia iliyonyooka mpaka getini, nami namtazama kutoka roshani mpaka aingie. Kinakaa. Shingo yake imeanza kuwa shingo. Anaila hata hiyo yangu kali, anasema ya bibi inauma ulimi na yeye sasa anapenda kuumwa.

Nimewaambia wazi: mfuko huu ukiisha, narudi kwangu. Ufunguo uko kwenye aproni, na aproni siivui. Mbuzi bado wako kwa mchungaji, na kuku wangu wanataga kwa Asimo. Tumeshapita Krismasi, theluji imefunga njia ikafungua, na mfuko ungekuwa chini kabisa kwa sasa, kwa hesabu ya konzi zangu. Lakini kila nikitia mkono, nakuta trahana inanifika kiwikoni palepale.

Mimi si mtoto. Ulimi wangu unaijua trahana yangu. Leo asubuhi nilionja, nikaweka kijiko chini.

"Bibi harusi, uchachu wa hii umekwenda wapi?"

Alikuwa anafunga kitambaa chake mlangoni, mgongo amenipa. "Ni maji ya mjini, Mama. Yanapoza."

"Maji ya mjini yanatia na mayai?"

Hakugeuka. Nilimwona masikio tu yakiwa mekundu. Usiku, sisi tukilala, anamimina ya kwao tamu ndani ya mfuko wangu, konzi kwa konzi, anaukoroga. Nikimwambia aache, mfuko utakwisha. Nikinyamaza, hauishi.

Nikamwamsha Vaia, nikamwekea bakuli. Akaonja. Akanitazama.

"Kula," nikamwambia. "Utachelewa."